Goti la Tumpe

Tumpe alipoletwa Igowole kama bibi harusi, kitu cha kwanza tulichokisifia hakikuwa sura wala sauti. Kilikuwa goti lake. Sisi huku Mufindi mwanamke akimsalimia mkubwa wake hushuka, akimpelekea maji ya kunawa hushuka, akimpokea mkwe mlangoni hushuka. Lakini kushuka kuna namna nyingi. Wapo wanaoinama kidogo tu kana kwamba wameangusha sindano, na wapo wanaogusa ardhi na kurudi juu kabla hujaitikia. Tumpe alishuka taratibu, mgongo umenyooka, beseni la maji mkononi na tone halimwagiki, kisha akainuka vilevile bila kushika kitu. Mama mkwe wake, Bibi Blandina, ambaye sijawahi kumsikia akimsifia mtu aliye hai, aliniita pembeni harusi haijaisha akaniambia, "Mwalimu, mwanangu huyu wamemfunda."

Mwalimu ndiye mimi. Jina langu ni Anjela, ila tangu nistaafu hakuna anayelitumia, nami nikiitwa hivyo huchelewa kugeuka. Nilifundisha sayansi shule ya msingi, na nyumba yangu imepakana na ya Kasian, mume wa Tumpe. Kati yetu kuna ua wa mianzi ambao kuku wameshautoboa. Wakati wa kuchumbia nilikwenda Rungwe, kwao Tumpe, pamoja na wazee, kwa sababu Bibi Blandina aliamini kwamba Wanyakyusa wana maneno mengi na panatakiwa mtu wa kuwajibu. Nikachaguliwa mimi bila upinzani, jambo ambalo sijui kama lilikuwa heshima au matusi.

Kasian anafanya kazi Mgololo, kwenye kiwanda cha karatasi, na huja nyumbani siku za mapumziko. Tumpe alibaki na watoto wao Jofrey na Esta, na kishamba cha chai alichopewa na mkwe wake. Kila asubuhi ya zamu ya kuchuma alikuwa ndani ya chai ukungu haujanyanyuka, kapu mgongoni, vidole vikienda kwa kasi kwenye machipukizi. Alikuwa mcheshi, alikuwa na nguvu, na alimpenda Bibi Blandina kwa dhati, jambo ambalo linahitaji moyo wa pekee.

Ugonjwa ulipokuja, ulikuja umevaa nguo za kwetu. Kwanza ni mikono. Ngozi ya pembeni mwa vidole ilikauka, ikapasuka, ikashika weusi usiotoka kwa sabuni. Tukasema ni chai, kwani mchuma chai gani ana viganja vya karani? Tukampa mafuta ya kupaka. Halafu vidole vikaanza kugeuka vyeupe asubuhi kama havina damu. Tukasema ni baridi ya Mufindi, na ni nani asiyeijua baridi ya Mufindi mwezi wa saba? Kikaja kikohozi kikavu. Tukasema ni moshi wa kuni. Zahanati walimpima kifua kikuu wakakikosa, wakampa dawa ya maji ya kifua. Akawa anachoka, tukasema ni watoto. Kila kilichompata kilikuwa na maelezo tayari, na maelezo yenyewe yalikuwa ya kweli kwa kila mtu isipokuwa yeye.

Kitu kimoja tu hakikuwa na maelezo. Tumpe aliacha kupiga goti.

Haikuwa ghafla. Alianza kwa kusalimia amesimama, kichwa kimeinama. Baadaye akawa akimwona Bibi Blandina anakuja anaingia jikoni na kujishughulisha na sufuria. Jumapili moja nje ya kanisa, mbele ya watu, alimsogelea mkwe wake akamnyooshea mkono amshike, kama vijana wanavyosalimiana stendi. Bibi Blandina aliutazama ule mkono mpaka ukarudi wenyewe. Tangu siku ile hakumwita tena mwanangu. Alimwita "huyo".

Kilichoharibu kila kitu ni sherehe ya Komunyo ya Kwanza ya mtoto wa Tadeo, kaka yake Kasian. Wageni walikuwa wameketi kwenye mkeka na viti vya kukodi, wali umeiva, kuku wameiva. Kama mke wa ukoo ule, Tumpe ndiye aliyepaswa kuwanawisha wakubwa. Alifika mbele ya Bibi Blandina na beseni na jagi la maji ya vuguvugu, akasimama.

"Karibu maji, mama," alisema.

Bibi Blandina hakunyoosha mikono. Alingoja. Wanawake wote pale tulijua anangoja nini.

"Mimi ni mtu wa kunawishwa nimesimamiwa?" aliuliza hatimaye, wala hakupaza sauti. "Kama ng'ombe kwenye josho?"

"Nisamehe mama."

"Nikusamehe nini, na bado umesimama?"

Maji yalikuwa yanatikisika ndani ya beseni. Watu walisema baadaye kwamba ni hasira ilikuwa inamtetemesha. Mimi nilikuwa nimekaa karibu, nikaiona mikono yenyewe, nikaona mtu anayebeba beseni la maji kana kwamba amebebeshwa gunia la mahindi. Bibi Blandina alinyanyuka, akajitanda kitenge chake, akaondoka bila kula. Kwenye sherehe ya mjukuu wake. Wasiotujua hawawezi kupima ukubwa wa jambo hilo.

Kikao cha ukoo kilikaa, na uamuzi ukawa ule ambao wazee wetu huufikia wakishindwa na mke wa mtu: arudishwe kwao akafundwe upya. Watoto wabaki. Hakuna aliyetamka kwamba ndoa imevunjika, maana hapa hatutamki. Lakini wote tunawajua wanawake waliokwenda kufundwa upya, na tunajua ni wangapi tuliowaona tena. Kasian aliitazama ardhi muda wote. Mwanamume yule huongoza mtambo ulio mkubwa kuliko kanisa letu, lakini mbele ya mama yake hawezi hata kukohoa. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyekwenda kumchukua, ikaamuliwa kwamba mimi ndiye nitakayemrudisha.

Siku iliyofuata nilikwenda kumsaidia kufunga mizigo. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, kichwa amekifunga kilemba. Nikamwambia, kwa ukali kidogo, hawezi kwenda kwa wazazi wake na nywele za namna ile, maana zilikuwa zimechomoza pembeni hazijaona kitana siku nyingi.

"Mikono haifiki, Mwalimu," alisema.

"Haifiki wapi?"

Akajaribu kunionyesha. Mkono ulipanda mpaka usawa wa bega, ukaishia hapo. Sikuwa nimewahi kuona kitu kama kile. Haukuwa unauma, haukuwa umevimba, hakukuwa na jeraha. Ulikuwa umeishiwa tu. Nikamwambia asimame. Aliweka viganja juu ya mapaja, akasukuma, akashika ukuta, akajikokota juu kipande kwa kipande, na aliposimama alikuwa anahema.

"Nikishuka siinuki," alisema. "Siku moja nilipiga magoti jikoni nipulize moto. Nikashindwa kunyanyuka. Nikatambaa mpaka mlangoni, nikajivuta na fremu. Sasa mbele ya wageni wote wale, Mwalimu, ningetambaa?"

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Miguu haiumi. Ningesema miguu imekataa kumsalimia mama? Nani angekubali? Kiburi watu wanasamehe. Lakini ukiumwa kitu hakina jina, wanaanza kuulizana nani kakuroga. Au wewe unamroga nani."

Nilitaka kwenda kwa Bibi Blandina saa ileile nikamwage yote. Tumpe akanishika mkono nisiende. Hakukuwa na nguvu kabisa katika mshiko ule, na ndiyo maana ulinizuia.

Tulipanda basi Mafinga. Ngazi ya basi ilimshinda, kondakta akamvuta na mimi nikamsukuma, abiria wakacheka wakidhani ni mzaha wa mtu na mama yake. Tulipofika Uyole, ambapo njia ya Tukuyu, ya kwenda kwao Rungwe, inakata kushoto, tulitakiwa kushuka tubadilishe gari. Nilimtazama akitembea kutoka kwenye basi hadi kwenye benchi. Ni mwendo wa mtu kutupa jiwe, naye alisimama njiani kutafuta pumzi. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Watoto wake wamebaki Igowole, mume wake yuko zamu, na yeye amekaa pale na begi miguuni, anangoja gari la kumrudisha kwao kwa kosa la mapaja yake.

Nilitumwa nimpeleke kwao. Nikampeleka hospitali Mbeya mjini. Wakiniuliza, nilijiambia, nitasema gari lilikosea njia.

Daktari tuliyempata aliitwa Ipyana. Alimsalimia Tumpe kwa Kinyakyusa, "Ugonile, mama," na Tumpe akajibu "Ndaga" huku machozi yakimtoka, kwa sababu ilikuwa siku nyingi hajasalimiwa kwa upole kwa lugha yoyote. Ipyana hakuuliza sana mwanzoni. Alimwambia akunje mikono kifuani na ainuke kwenye kiti bila kushika kitu. Tumpe akajaribu, akajaribu tena, akabaki kitini. Daktari akaichukua mikono yake akaigeuza upande huu na huu.

"Unafanya kazi gani?"

"Nachuma chai."

Nikadhani ataishia hapo kama sisi sote tulivyoishia. Akasema, "Chai inapaka rangi. Lakini haipasui kidole hapa pembeni, mikono yote miwili, sawasawa namna hii." Akamsikiliza mgongoni kwa muda mrefu, kisha, kwa kuwa nilikuwa nimesogea mno kama kawaida yangu, akanivalisha vile vyuma vya masikioni nisikilize mwenyewe. Chini kabisa ya mapafu, kila Tumpe alipovuta pumzi, palikuwa na sauti ya mtu anayetembea polepole juu ya majani makavu ya mianzi.

"Mikono, vidole kuwa vyeupe, kifua, mapaja," alisema Ipyana. "Nyumbani mmeyaona kama magonjwa manne. Mimi nadhani ni moja."

Kisha akanigeukia. Nilikuwa nimeshamwambia kazi yangu, nikitaka aniheshimu. "Mwalimu, ulifundisha habari za askari wa mwili?"

"Maisha yangu yote."

"Ulifundisha kwamba wanaweza kukosea nyumba?"

"Hiyo haikuwa kwenye mtaala," nikasema.

Akatueleza. Mwili hutengeneza kingamwili, vitu vidogo vinavyoogelea kwenye damu, kila kimoja kimeumbwa kumkamata adui wake mmoja na si mwingine. Hakuna anayevipa orodha. Mwili huviumba kwa namna zisizohesabika, hata kwa maadui ambao hawajazaliwa bado. Lakini katika wingi huo hutokea vingine vikamkamata mwenyeji. Akasema kuna uwezekano kwamba damu ya Tumpe imefanya hivyo, na askari wanakula misuli yake ya mapaja na mabega na kuyajeruhi mapafu. Kuna kipimo cha kuonyesha ni kingamwili gani hasa. Damu itapelekwa Dar es Salaam. Ila vipimo vingine tayari vilionyesha misuli inavunjika na kumwagikia kwenye damu, na picha ya kifua haikuwa nzuri, kwa hiyo dawa ya kuwatuliza askari ingeanza mara moja.

Kasian alifika moja kwa moja kutoka Mgololo, na buti za kazi miguuni. Tumpe alimweleza yote mbele yangu, pamoja na habari ya kutambaa jikoni. Nilingoja aseme neno, hata moja, nimsamehe ule ukimya wake wa kikaoni. Hakusema. Alichukua kitana kwenye begi, akakaa nyuma ya mke wake kitandani, akaanza kumchana nywele. Alichana vibaya sana, anaanzia kwenye mizizi, na Tumpe akawa anajikunja kwa maumivu bila kumzuia. Nikatoka nje nikawaacha.

Majibu yalipokuja, Ipyana alituita wote watatu atuonyeshe picha kwenye kompyuta. Ilikuwa picha ya ukanda mwembamba mweupe, umekatwa kama utepe. Akasema juu ya ukanda ule wamepaka mistari ya protini, kila mstari protini yake, nayo haionekani kwa macho. Wanamwagia maji ya damu ya mgonjwa. Kama ndani yake kuna kingamwili inayoutafuta mstari mmojawapo, itaupata na kuung'ang'ania, na wakiweka rangi, mstari ule utajitokeza. Ukanda wa Tumpe ulikuwa mtupu juu hadi chini, isipokuwa mahali pamoja. Hapo palikuwa na mstari mweusi, wazi, kama uliochorwa kwa rula.

Kasian alisogeza kiti. "Hiyo ni karatasi?"

"Ni jamaa yake. Imetokana na nyuzi za mimea vilevile."

Kasian ambaye karatasi ndiyo mkate wake aliutazama ukanda ule kwa muda. "Basi karatasi imemjua mke wangu kuliko mimi," akasema.

Mimi nikauliza hicho kilichokamatwa ni nini. Ipyana akasema ndani ya kila chembe ya mwili kuna vibarua wanaoleta vipande vya kujengea protini. Kila kibarua ana kipande chake kimoja, hagusi cha mwenzake. Damu ya Tumpe ilikuwa imemkamata mmoja wa hao.

"Na huyo kibarua anakaa wapi? Kwenye misuli?"

"Kila mahali. Kwenye jicho lake, kwenye ini lake. Kwako wewe. Kwenye kuku yupo ndugu yake, kwenye uyoga yupo, kwenye jani la chai yupo. Bila yeye hakuna kiumbe kinachojijenga."

Nilifundisha chembe hai kwa ubao na chaki, nikachora duara na kiini katikati, nikawapa watoto maksi kwa kuchora duara zuri. Sasa naambiwa kwamba kibarua mmoja hufanya kazi ileile ndani ya chipukizi la chai na ndani ya kidole kinacholichuma, na kwamba mkono wa Tumpe ulipokuwa umekufa ganzi asubuhi ya Mufindi, jani lile lilikuwa na kitu alichokuwa nacho yeye. Nilistaajabu mpaka nikaogopa. Nikatazama mikono yangu mwenyewe kama ya mtu mwingine.

"Kama yuko kila mahali, kwa nini wanashambulia mapaja na mapafu tu?"

"Hapo bado hatujui vizuri," akasema Ipyana. Nilimpenda sana kwa jibu hilo.

Tumpe alikuwa anasoma jina lililoandikwa kando ya mstari. "Jo-1. Jo ni nani?"

"Ni mgonjwa," alisema daktari. "Walioigundua kingamwili hii waliipa jina kutokana na mtu ambaye damu yake ndiyo waliyoichunguza. John. Yohana, kwa kwetu."

"Mzungu?"

"Mtu wa mbali, zamani kidogo. Zaidi ya hapo simjui."

Tumpe akaugusa mstari ule kwenye kioo. "Naye alishindwa kuinuka?"

"Nadhani alishindwa."

Akatikisa kichwa polepole. Kwa mara ya kwanza tangu nimtoe Igowole, uso wake ulikuwa wa mtu asiye peke yake.

Nilimpigia Bibi Blandina simu nikiwa uwanjani mwa hospitali. Nilieleza yote, na kwa hasira niliyokuwa nimeitunza nilieleza kwa urefu.

"Kwa hiyo ni miguu ilinikataa," akasema.

"Ni miguu, Bibi."

"Siyo yeye."

"Siyo yeye."

Akakata simu.

Tumpe hakupelekwa Rungwe. Wazazi wake walikuja Mbeya na mkungu wa ndizi, wakamlilia, na daktari aliporuhusu tulirudi naye Igowole. Dawa ilikuwa imemvimbisha uso ukawa wa duara, na watu njiani walimtazama wasimjue. Tulimkalisha kwenye kiti kirefu chenye mto sebuleni. Wanawake wa jirani walikuwa wameanza kuingia kumpa pole pale Bibi Blandina alipotokea mlangoni. Alikuwa na beseni lake mwenyewe, lile la enameli analoliweka kwa ajili ya padri, na jagi la maji ya vuguvugu.

Akapita katikati yetu. Akafika mbele ya kiti cha Tumpe, akashuka magoti yote mawili.

Kwetu sisi hilo halipo. Mama mkwe, mwenye wajukuu na mvi zake, kumpigia goti mke wa mwanawe? Wanawake walisimama, mmoja akamshika bega amwinue.

"Niacheni," alisema. "Karibu maji, mwanangu."

Tumpe alinyoosha mikono akilia. Bibi Blandina akainawisha taratibu, akipita kwa uangalifu kwenye mipasuko, akaikausha kwa pindo la kitenge chake. Kisha akataka kuinuka, ikashindikana. Magoti yake ni ya siku nyingi. Akashika mguu wa kiti, akajivuta, akarudi chini. Tumpe akampa mkono, lakini mkono wenyewe hauna nguvu, wakawa wanavutana, mmoja hawezi kupanda na mwingine hawezi kupandisha. Tumpe ndiye aliyeanza kucheka. Bibi Blandina, akiwa bado chini, ameshikilia mkono ule dhaifu, alimtazama juu usoni.

"Kumbe ndivyo inavyokuwa," alisema.

Kasian akaja akamnyanyua mama yake kwa kumkumbatia, na sidhani kama alikuwa amewahi kumkumbatia tangu akiwa mtoto.

Tangu siku hiyo ilikatazwa Tumpe kupiga goti kwa mtu yeyote. Mgeni aliyeonyesha kushangaa alielezwa na Bibi Blandina habari za askari wa mwili kwa namna ambayo askofu asingethubutu kubisha. Sikumrekebisha hata alipoongeza chumvi. Na habari za Yohana zilipomfikia, alikaa nazo siku kadhaa, kisha akaenda parokiani kuandikisha nia ya misa. Padri akaisoma Jumapili mbele ya waumini wote: kumwombea Yohana, kama yu hai apate afya, kama amekufa apumzike. Watu wakageukiana. Mzee Silvester, mwenyekiti wa kigango, akauliza baada ya misa ni Yohana wa ukoo gani.

"Wa damu ya mkwe wangu," akajibu Bibi Blandina, na mazungumzo yakaishia hapo.

Nisiseme kwamba amepona, maana Ipyana mwenyewe halisemi neno hilo. Ipo miezi ambayo ugonjwa ulirudi kwa nguvu, dawa ya pili ikaongezwa, safari za Mbeya zikawa nyingi. Mapafu yana makovu ambayo hayatafutika. Chai ya alfajiri hachumi tena. Siku hizi anayepita kwenye mistari ya chai na kapu mgongoni, akiwagombeza vibarua, ni Bibi Blandina, na jikoni kwa Tumpe pana jiko la gesi badala ya kuni. Lakini kitana kilianza kufika kisogoni. Kisha kikafika utosini. Ngazi ya kanisa akaipanda akiwa ameshika ukuta, baadaye bila ukuta. Mimi ambaye nilifundisha kwamba misuli hukua niliiona ikirudi kwa mtu ninayemjua, kidogo kidogo, na nilishangaa kila mara kana kwamba sijawahi kulifundisha.

Pasaka iliyopita, baada ya misa, tulikuwa tumekaa barazani kwa Bibi Blandina. Tumpe akatoka ndani na beseni na jagi. Bibi Blandina aliona macho yake, akajua.

"Acha, mwanangu. Nimeshakataza."

Tumpe hakuacha. Alishuka. Taratibu, mgongo umenyooka, kama siku zile za harusi, isipokuwa safari hii maji yalimwagika kidogo ukingoni. "Kamwene, mama," alisalimia akiwa chini.

Bibi Blandina hakuitikia. Alikuwa ameshika ukingo wa kiti chake kwa mikono yote miwili. Tumpe akaweka beseni sakafuni. Akaondoa mikono yake kwenye mapaja, makusudi, sote tuone. Akatanguliza mguu mmoja. Paja lilitetemeka, nikaliona kupitia kitenge, likatetemeka zaidi, na mwili ukaanza kupanda, ukasita, ukapanda tena, mpaka akasimama wima mbele ya mkwe wake, hajashika kitu.

"Rudia," alisema Bibi Blandina.

Nilitaka kumkemea. Tumpe naye alidhani amekosea. "Mama, sijapiga vizuri?"

"Goti lako nalijua. Rudia kuinuka."

Tumpe akashuka tena, akainuka tena. Ndipo Bibi Blandina alipoachia kiti, akafuta uso kwa kiganja, akaitikia.

"Kamwene, mwanangu."